Sauti Mbili kwenye Foni ya Ngungu

Ngungu, 9 Septemba

Nimekwama. Njia ya Walikale imefungwa, ya kurudi Goma watu wanaitaja kwa kunong'ona, na mimi niliyetoka Dar es Salaam kuja kumlilia baba yangu kule Itebero nimeishia nyumbani kwa mtengeneza jibini. Papa Bayingana alikuwa rafiki wa baba tangu enzi za kubadilishana ng'ombe wa huku na mafuta ya mawese ya kule. Amenipa chumba nyuma ya nyumba ya maziwa. Chumba kinanuka maziwa yaliyoganda, nguo zangu zinanuka, na nadhani hata tasnifu yangu imeanza kunuka.

"Papa Noël!" alinipokea kwa kelele. "Mwezi ya tisa na ulishakuya! Zawadi iko wapi?" Akacheka mpaka akakohoa. Jina langu ni Noël, huku kila mwanamume ni Papa, na Papa Noël ndiye yule mzee wa zawadi za Krismasi, kwa hiyo utani huu nitausikia mpaka nitakapoondoka.

11 Septemba

Nimepewa kazi. Mnara wa simu umenyamaza tangu Julai, na kilichobaki ni foni ya Papa Bayingana: redio moja, kipaza sauti kimoja, betri ya gari, sola juu ya bati, na waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Mwendeshaji wake alikimbilia Minova. Papa ameona kijana aliyesoma mambo ya mawasiliano chuo kikuu, akaona mwendeshaji. Nimejaribu kumweleza kwamba ninachosoma ni hesabu, sijawahi kushika redio. "Ni kitu moja," alisema.

Nimempata kaka yangu Nestor, Itebero. Yeye ndiye mwenye foni ya kule, anauza mafuta na mpunga. Sijasikia sauti yake kwa miaka mingi na bado hawezi kufika kwenye habari bila kupitia afya ya mbuzi. "Noël, kuya nyumbani," alisema mwishowe. "Matanga ya papa haijaisha. Tunakungojea we." Nikamwambia njia imefungwa. Akasema anajua, lakini nije.

12 Septemba

Mvua.

15 Septemba

Kuna mama ananisumbua. Anaitwa Mukarugwiza. Amekimbia kutoka Burungu na binti yake, Umutoni, wanalala kwenye darasa la shule ya parokia pamoja na watu wengine wengi. Mume wake, Védaste, amebaki Burungu na ng'ombe. Kila alasiri anakuja, anageuza ndoo ya maziwa, anaikalia mbele yangu na kunitazama mdomoni. Burungu wana foni, anaiendesha mwanamke anayeitwa Dancille, na zamu yao ni saa hii hii ya alasiri hewa inapofunguka.

"Iko habari ya Burungu?"

"Bado, mama."

"Basi nitaikala."

Na kweli anakaa. Kufanya kazi ukitazamwa hivyo ni sawa na kula mbele ya mtu mwenye njaa.

16 Septemba

Dancille amepatikana. Védaste mzima, ng'ombe wazima, mmoja amezaa. Mama Mukarugwiza alisikiliza, akainuka, akairudisha ndoo mahali pake, akasema "aksanti" na kuondoka. Kesho atarudi, ninajua.

21 Septemba

Umutoni amekuja na mama yake. Ana miaka kumi na saba, na ulimi wake una kumi na saba zaidi. Aliniona nimeinamia karatasi zangu akataka kujua ninaandika nini. Nilikuwa na hasira na ukurasa ule, nikamweleza yote, nikidhani atachoka.

Nilimwambia: chukua watumaji wawili na wapokeaji wawili. Kila mtumaji ana mtu wake, lakini wote wanapita njia moja, na kila mpokeaji anapata mchanganyiko. Ujumbe wenyewe ni wa kawaida tu, ndiyo au hapana, neno kama neno. Kisicho cha kawaida ni kinachoubeba: mwanga dhaifu mno, chembe chembe, ambao ukiugusa ili uusome umeshaubadilisha. Swali langu ni hili, je, watu hao wanaweza kutuma maneno mangapi bila kupotezana?

"Na unafanya je juu ya ule mwengine mwenye kuingilia?"

Akiwa mdogo, nilimwambia, unampuuza. Akiwa na sauti kubwa sana, ajabu ni kwamba ni nafuu: unamsikiliza kwanza yeye, usiyemtaka, unamwelewa mpaka mwisho, unamtoa, na kinachobaki ni chako. Balaa ni yule wa katikati, asiye mdogo wala mkubwa. Huyo hakuna aliyemweza vizuri. Na kwenye mwanga wangu kuna balaa la pili, kwamba kumsikiliza wa kwanza kunagusa maneno ya yule wa pili.

Umutoni alifikiri. "Ni sawa mama na shangazi yangu. Banasemaka pamoja. Mi ninasikilizaka shangazi kwanza, juu anapiga kelele, kisha mama."

Nilicheka. Mama yake pia alicheka, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. Kisha nikamweleza faraja iliyomo ndani ya hesabu hizi, na ambayo sura yangu ya tatu nzima imeegemea: ukiwa karibu na uhakika wa jibu kabla ya kupima, kupima kwako kunagusa kidogo sana. Mwenye uhakika anasikiliza bila kuharibu.

24 Septemba

Mbwa wa Papa Bayingana hanitii. Nimemwita asubuhi nzima, "Njoo! Njoo hapa!" akabaki amelala chini ya sola akinitazama kama afisa wa forodha. Umutoni alikuwa akipita na kikapu cha majani ya mihogo.

"Kaka Noël, huku bantu banasemaka 'kuya'. 'Njoo' iko mu Biblia." Akamgeukia mbwa: "Kuya!" Mbwa akainuka na kwenda kwake. "Umeona? Imbwa haisikiake Kitanzania."

Miaka kumi na mmoja ya Dar. Nilizaliwa Itebero, nililelewa kwa maneno haya haya, na sasa mbwa ananiona mgeni. Nimeamua kusema na watu kwa lugha yao. Humu ndani ya shajara nitaandika nilivyofundishwa, maana mkono hauwezi tena vinginevyo.

29 Septemba

Siku nzuri, naiandika kabla haijageuka.

Nestor sasa anaongea saa ile ile ya Burungu, na mtu wake wa Walikale, mwanamke mfanyabiashara anayeitwa Falone. Itebero hawaisikii Burungu na Burungu hawaisikii Itebero, milima imekaa katikati. Mimi peke yangu, juu ya kilima hiki, nawasikia wote wawili kwa mara moja. Watumaji wawili, wapokeaji wawili, njia moja. Nimeomba mfano wa tasnifu yangu kwa miaka mitatu na Mungu ameniletea kaka yangu.

Na nimefaulu! Nestor nina uhakika naye. Nayajua mazungumzo yake kabla hajayatoa: salamu, mbuzi, mvua, madumu ya mafuta, deni la mpunga, tena mbuzi. Nilimsikiliza kwanza yeye, nikamtoa, na chini yake nikamkuta Dancille mzima mzima: Védaste anauliza kama Umutoni amepona kikohozi. Mama Mukarugwiza, ambaye alikuwa amesikia makelele matupu, alinitazama kama nimetoa maji kwenye jiwe. Sitaficha kwamba nilifurahi kutazamwa hivyo.

3 Oktoba

Papa Bayingana ameingia katikati ya zamu na mikono imejaa jibini. "Sasa bale babili banasema pamoja juu ya nini? Ambia Nestor anyamaze kidogo, yule mama aseme, kisha Nestor arudilie. Si njo heshima?"

Nilimweleza kwamba kugawana muda ndiyo njia ya kwanza iliyofikiriwa na watu wote, na kwamba elimu yangu ipo ili kuishinda njia hiyo. "Elimu iko muzuri," alisema, akaenda na jibini zake.

Sitamwomba Nestor anyamaze. Ukweli ni kwamba nasikia raha kumsikia. Haongei na mimi, hajui hata kama namsikiliza, lakini ni kama kukaa jikoni kwetu.

5 Oktoba

Mvua.

6 Oktoba

Mvua. Ukuta wa nyumba ya ndama umeanguka, hakuna aliyeumia.

8 Oktoba

Betri inakufa. Sola haipati jua, wingu limekaa juu ya bati letu na halitaki kuhama. Kusikiliza kunakula umeme kidogo sana, kusema kunakula mwingi. Leo nilipobonyeza kipaza sauti taa ya redio ilizimika kabisa. Tangu sasa mimi ni sikio tu.

Mama Mukarugwiza ameuliza kama naweza kumjibu mume wake. Nimemwambia siwezi, mpaka jua litoke. Alitoka nje akaangalia juu.

11 Oktoba

Nimeanza kumngojea. Ikifika alasiri nageuza ndoo mwenyewe na kuiweka mahali pake. Leo, bila kuulizwa, alinisimulia habari za ng'ombe wao, jina la kila mmoja, nani mkali, nani anapenda kuimbiwa akikamuliwa. Védaste hakubaki kwa ukaidi. Alibaki kwa sababu mmoja alikuwa karibu kuzaa na asingeweza kutembea. "Ye anasemaka ng'ombe haiachwe mu njia," alisema. "Nami aliniacha." Alisema hivyo bila uchungu, lakini Umutoni alitazama pembeni.

Anataka kurudi kwake. Hajasema, lakini amekuwa akiifua na kuikunja ile nguo moja aliyokuja nayo.

14 Oktoba

Wageni wamefika kutoka upande wa Kilolirwe, wengi, wenye magodoro kichwani. Kila mmoja ana habari yake na hakuna habari mbili zinazofanana.

17 Oktoba

Leo ujumbe umefika.

Mvua ilikuwa ikipiga bati, nilibandika sikio kwenye spika. Nestor alikuwa hewani na Falone, yuko kwenye madumu. Halafu nikamsikia Dancille, kwa mbali, anaita Ngungu, anaita haraka. Alisema ana neno la Védaste kwa mke wake. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote: nikamshika Nestor kwanza. Lakini Nestor leo hakuwa Nestor wangu. Alikuwa akigombana. Madumu mawili yamevuja, na alikuwa akiapa kwa jina la baba kwamba aliyafunga vizuri, na niliposikia jina la baba moyo wangu ukaenda huko kwa kiasi cha pumzi moja.

Chini yake nilipata: "Mukarugwiza," kisha dumu, kisha "njo salama," kisha Nestor tena, kisha hewa tupu. Dancille hakurudia. Nilibonyeza kipaza sauti ingawa najua betri haiwezi. Taa ikazimika, nikapoteza hata kile kidogo.

Njoo salama. Nilikuwa na uhakika. Sikio langu lilishalijaza kabla halijaisha.

Mama alikuwa amesimama, ndoo imeanguka nyuma yake. "Anasema nini?"

Nikakumbuka mbwa, nikakumbuka kuchekwa, nikataka kumpa neno la mume wake kwa lugha ya nyumbani kwake. Nikasema: "Anasema ukuye, mama. Ukuye salama."

Alifunika uso kwa kitenge. Alilia kwa furaha, mama yule, na Umutoni akamshika mabega, akaniambia, "Kaka Noël, umetusaidia sana." Papa Bayingana aliuliza mara mbili kama nilisikia vizuri. Nilimwambia nilisikia vizuri.

18 Oktoba

Wameondoka asubuhi, kwa miguu, kupitia Karuba, Mushaki na Kilolirwe. Papa amewapa jibini nzima na dumu la maziwa. Umutoni alimwita mbwa, "Njoo!" kwa sauti ya kuniiga, mbwa akabaki amelala, tukacheka sote. Mama Mukarugwiza alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea nifike Itebero, nikamlilie baba yangu.

Nimeirudisha ndoo yake kati ya ndoo nyingine.

20 Oktoba

Dancille kimya.

21 Oktoba

Kimya. Nestor yupo, ameshasuluhishana na Falone.

23 Oktoba

Kimya. Mvua.

26 Oktoba

Nimejaribu kuandika. Sura ya tatu haisimami. Nimegundua kwamba hatua ninayoitegemea inadai mpokeaji awe na uhakika kuhusu wote wawili, na mimi nilikuwa nimethibitisha kwa mmoja tu. Nimeitazama karatasi hiyo mpaka Papa akaniita kula.

2 Novemba

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Alasiri aliingia mwanamume mrefu mwenye fimbo na koti la mvua lililochanika. Nyuma yake uani, ng'ombe watatu, wamekonda, na ndama mmoja. Papa Bayingana aliruka kutoka kwenye kiti, akamkumbatia, wakasalimiana kwa Kinyarwanda kwa muda mrefu. Kisha mgeni akanigeukia, akavua kofia.

"Miye njo Védaste. We njo muntu wa foni?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Aksanti juu ya kazi. Burungu imeisha, tulitoka bote. Nilipitia juu, mu milima, juu ya hii ng'ombe." Akatabasamu, akatazama huku na huku. "Mukarugwiza iko wapi? Na mutoto?"

Papa alinitazama mimi.

Nilimwambia walikwenda Burungu. Nilimwambia kwamba alimwita. Alinitazama kama mtu asiyeielewa lugha, na kweli hakuielewa.

"Nilimuita? Hapana. Dancille alikuwa anatosha antene ili tukimbie, nikamuambia aseme neno moja ya mwisho. Nilisema: Mukarugwiza, huko njo salama. Mubakie."

Huko njo salama. Huko ndiko kwenye usalama. Mbaki huko huko.

Nilimwona Papa Bayingana anayasema maneno hayo kwa midomo bila sauti, polepole, halafu akafumba macho. Dumu la Nestor lilimeza "huko". Kelele zake zilimeza "mubakie". Na mimi niliyezaliwa na "njo" mdomoni, njo yetu ya kusema ndiyo, ndiye, ndiko, ambaye mama yangu aliniambia njo hii, njo ile, tangu sijajua kutembea, nikasikia njoo ya Dar. Katika nchi nzima hii hakuna mtu anayemwambia mke wake njoo. Hata mbwa analijua hilo.

Védaste hakupiga kelele. Aliuliza njia waliyopita. Nilipotaja Mushaki na Kilolirwe akakaa chini, pale pale sakafuni, kwenye maji ya maziwa.

3 Novemba

Kuna jambo moja linalonizunguka kichwani na nitaliweka hapa ili linitoke, ingawa halitatoka. Kama ningesema nilichosikia, wangepona. "Mama, nimesikia njo salama." Basi. Angeuliza, "Njo salama wapi?" Yeye au Umutoni wangelifungua neno lile papo hapo, maana lilikuwa neno lao. Mimi nilipima, nikachagua, na nikampa chaguo langu likiwa limevaa nguo za kwao. "Ukuye." Baada ya hapo hakukuwa na mtu duniani ambaye angeweza kulirudisha. Kosa langu ningelisema Kitanzania lingegunduliwa. Nililisema vizuri mno.

7 Novemba

Védaste alitaka kwenda kuwatafuta. Papa na wanaume wengine walimrudisha kutoka Karuba, hakuna anayepita. Analala kwenye nyumba ya maziwa, upande wa pili wa ukuta wangu. Namsikia akikohoa, na yeye bila shaka ananisikia.

10 Novemba

Mvua.

13 Novemba

Anakuja alasiri. Anageuza ndoo ile ile, anakaa mahali pale pale. Hakuna aliyemwonyesha. Hanisemeshi vibaya, ningependa anisemeshe vibaya. "Iko habari?" "Bado, papa." Na tunamsikiliza kaka yangu akiuza mafuta.

18 Novemba

Namchukia Nestor. Nimeandika, ni kweli, namchukia kwa sauti yake, kwa mbuzi wake, kwa madumu yake. Halafu jioni nikakumbuka kwamba hajui lolote. Aliongea na mtu wake kama kawaida, na maneno yake yalifika salama pale alipoyatuma. Kwenye karatasi yangu hilo linahesabika kuwa ushindi wa nusu.

22 Novemba

Nimesoma tena ukurasa wa kwanza wa tasnifu. Kila kitu mle kinaahidiwa kwa sharti moja: njia itumike mara nyingi, nyingi kupita kiasi, na hapo ndipo kosa linakaribia sifuri. Kwa mtu aliyetumia njia mara moja tu, betri inakufa, antena inateremshwa, hakuna ahadi yoyote. Niliandika ukurasa huo mwenyewe na sikuona chochote cha ajabu ndani yake.

Papa amenikuta nimekaa nao. Hakusema "Papa Noël". Hajasema tena tangu siku ile. Aliniwekea kikombe cha maziwa, akabaki amesimama mlangoni kwa muda, nikajua kwamba kelele zake zote zile zilikuwa ukarimu.

29 Novemba

Jua kidogo. Betri imepanda.

1 Desemba

Jua. Nimejaribu kipaza sauti, taa haikuzimika. Nimeita Burungu, nimeita Kitchanga, jirani na Burungu, nimeita yeyote. Hakuna. Védaste alinitazama nikiita mpaka sauti ikakauka, akaniletea maji.

2 Desemba

Nimeita. Hakuna.

4 Desemba

Ndama wa Védaste amekufa. Alimzika nyuma ya mikaratusi, hakutaka nyama yake iliwe. Papa hakubishana.

6 Desemba

Jua kali, mbingu nyeupe. Hewa ilifunguka mapema. Nestor alikuwa hewani na Falone, wako kwenye mbuzi. Védaste kwenye ndoo.

Chini ya Nestor nikasikia mtu. Alikuwa mwanamume, simjui, anaita Ngungu.

Sikumtoa Nestor. Sikufanya hesabu yoyote. Nilishika kipaza sauti nikapiga kelele: "Nestor! Ni Noël. Nyamaza. Nyamaza kaka, nakuomba."

Kukawa kimya. Alinisikia, kaka yangu, na akanyamaza katikati ya neno, yeye ambaye hajawahi kunyamaza kwa ajili ya mtu. Papa Bayingana alisimama mlangoni na kisu cha jibini. Njia yote ilikuwa tupu, ilikuwa yetu peke yetu.

"Hapa Ngungu," nilisema. "Sema, Ngungu anasikia."

"Ngungu, hapa Kitchanga. Iko muntu anaitwa Védaste, wa Burungu? Tunamutafuta tangu zamani."

"Yuko hapa."

"Muambie: Umutoni njo alibakia. Iko huku kwa masista. Rudilia."

Nilijua kwamba nimesikia kila herufi. Hapakuwa na dumu, hapakuwa na mvua. Kwa pumzi moja sikio langu la Dar lilikimbia kutafuta pa kujificha: Umutoni amebaki Kitchanga, mama yake yuko njiani, anakuja. Ingewezekana kulisema hivyo. Lingekuwa neno zuri.

Nikamgeukia Védaste. Sikuongeza kitu na sikugeuza kitu.

"Umutoni njo alibakia," nilimwambia.

Aliisogeza ndoo karibu na spika. Kisha akasema, "Rudilia."

"Umutoni njo alibakia. Iko Kitchanga, kwa masista."

"Njo," alisema Védaste. "Ye peke yake." Akavua kofia yake na kuiweka juu ya goti, akaanza kuinyoosha kwa vidole kama vile imekunjika. Papa alikuja akapiga magoti mbele yake na kumshika kichwa.

Nikarudia kwa Kitchanga, neno kwa neno, nikawaambia ujumbe umefika na mwenyewe ameupata. Wakasema aksanti, wakatoka hewani.

Baada ya muda nikasikia mtu anakohoa kwenye spika. "Noël," alisema Nestor, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. "Mulimaliza? Minaweza kuendelea?"

Nikamwambia aendelee.